Shangazi, faili la baba lipo masijala. Nilifungue?

Shikamoo Shangazi,

Naomba ukichapa barua hii usitaje jina langu wala la halmashauri yetu. Kwetu ni kudogo, watu wanajuana mpaka mbuzi wa nani ana pembe ngapi.

Nina miaka 25, niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea fedha za umma. Nikiulizwa nasoma nini nikajibu, wengi husema, "Aa, uhasibu." Si hivyo hasa. Tunasoma serikali inavyokusanya, inavyopanga, inavyokopa na inavyotumia, na nani anamwajibisha nani. Somo hili nililipenda mwaka 2018 nikiwa kidato cha nne. Nyumbani ni Kusini mwa Tanzania, kwenye korosho. Mwaka ule barazani hapakuzungumzwa kingine ila ushuru wa korosho zinazouzwa nje. Zamani 65% ya ushuru ule ilikuwa inarudi kuendeleza zao lenyewe. Bunge likabadilisha sheria, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kwetu walipinga mpaka sauti zikawakauka, haikusaidia. Mimi nikabaki na swali la kitoto: hela ikishaingia huko Hazina, inatokaje? Mlango wake anafungua nani? Nikasema nitasomea hicho.

Baba hakupenda hata kidogo. Aliniambia, "Soma ualimu, soma unesi, soma hata ushonaji. Hela ya serikali iache." Nilimshinda kwa sababu mkopo wa Bodi ulitoka na yeye hakuwa na cha kulipia kozi nyingine.

Shangazi, baba alikuwa keshia wa halmashauri. Mwaka 2011 alisimamishwa kazi, mwaka uliofuata akafukuzwa. Mahakamani hakufikishwa. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka alirudi na boksi moja lenye kikombe, kalenda ya benki na mhuri wa tarehe ambao hadi leo sijui kwa nini aliuchukua. Tangu siku hiyo ana neno moja tu: "Nilitolewa kafara." Hajawahi kuongeza la pili. Sasa anafuga kuku na kulima.

Nimekua nikiliamini neno hilo kama ninavyoamini jua litachomoza. Halafu likaja hili.

Muhula uliopita mwalimu wetu alitugawia kwa makundi ripoti za zamani za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zile za serikali za mitaa, ili tuone mambo yalivyokuwa enzi za makaratasi. Kundi letu likapata ripoti ya mwaka wa fedha 2009/10. Kwenye majedwali ya hati za malipo ambazo hazikuonekana wakati wa ukaguzi, nikakutana na halmashauri yetu. Kiasi sikitaji, lakini kwa mshahara wa baba wa wakati ule kingemchukua miaka mingi kukifikia. Mwenzangu mmoja akasema, "Hawa wa kwenu wezi balaa." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Shangazi. Nilicheka nao.

Usiku sikulala. Nilianza kukumbuka mambo ambayo nilikuwa sijayapanga pamoja. Nyumba yetu iliezekwa mabati mwaka 2010, kabla ya uchaguzi. Kabla ya hapo tulikuwa na makuti. Juni ya mwaka ule baba alikuwa anarudi usiku wa manane. Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, mtaa mzima uko kwa jirani mwenye jenereta, baba hayupo. Aliangalia fainali tu, tarehe 11 Julai, na hiyo nayo alisinzia kwenye mkeka kabla goli halijafungwa. Na kuna hili: hadi leo kukiwa na msiba, wakimpa daftari la rambirambi aandike, anakataa. Anasema macho yanamuuma. Macho yake hayana shida, kuku akitoroka anamwona toka ng'ambo ya barabara.

Sasa kiini cha barua. Baada ya mwaka wa pili nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri hiyo hiyo, kwa sababu ni nyumbani na sikuwa na hela ya kupanga. Mzee mmoja wa masijala alinitambua kwa ubini wangu. Siku ya mwisho akanivuta pembeni: "Faili la baba yako lipo. Ukija kuchukua takwimu za utafiti wako, njoo Ijumaa wenzangu wakienda msikitini. Nitakupa nusu saa." Nadhani alitaka kunisaidia. Anaonekana alimpenda baba.

Utafiti wangu, ambao msimamizi ameshaupitisha, ni kuhusu sababu za hoja za ukaguzi, yaani kasoro wanazoziandika wakaguzi, kujirudia kwenye halmashauri. Natakiwa kurudi huko wiki mbili zijazo. Mama nilimgusia, akasema, "Lililopita limepita, usinichokonolee kidonda." Baba sijamwambia kitu. Nikipiga simu nyumbani nasikia sauti yake na kichwani naiona ile jedwali.

Nifungue faili nijue moja? Nimuulize mwenyewe? Au ninyamaze nimalize shule? Na nikikuta kweli alichukua, Shangazi, hicho kiti cha darasani nitakikalia vipi, wakati mabati niliyokua chini yake ndiyo ninayoyasoma kwenye ripoti?

Wako,
Binti wa Keshia

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa barazani na chai imepoa. Nitakwambia kwa nini imenigusa. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikuwa karani wa masijala kwenye halmashauri, miaka 11. Nimeshika mafaili ya watu walioonewa na ya watu walioiba, na kwa nje yanafanana: jalada lile lile, kamba ile ile, vumbi lile lile.

Unaniuliza kuhusu faili, lakini ndani ya barua naona maswali matatu yamefungwa fundo moja. Kitu gani kilitokea Juni ile ya 2010. Baba yako ni mtu wa namna gani. Na wewe, unayeingia kazi ile ile aliyoharibikiwa nayo, una haki ya kukaa hapo? Faili, hata ukilisoma nusu saa nzima bila kupepesa, litajibu sehemu tu ya swali la kwanza. Mengine mawili halina.

Tuanze na jedwali, maana ndilo lililokunyima usingizi. Hapo wewe ni mwanafunzi, nami nitakuuliza kama mwalimu wako. Maneno yaliyoandikwa juu ya ile safu ni yapi? Hati za malipo ambazo hazikuonekana. Hayasemi fedha zilizoibwa. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, vitabu vinaandaliwa, wakaguzi wanakuja baada ya hapo. Wanaomba vocha, yaani hizo hati za malipo, kwa namba. Ile isiyoletwa mezani wanaiandika haikuonekana, na wanafanya sawa kabisa, kwa sababu bila karatasi ile hakuna anayeweza kuthibitisha hela ilikwenda wapi. Lakini vocha hukosekana kwa sababu nyingi. Niliwahi kuona bunda zima la vocha limetafutwa kwa mwezi na nusu, likaja kukutwa chini ya fomu za likizo za walimu. Nimeona nyingine zimelowa stoo mvua za Machi mpaka zikawa uji. Nimeona zilizochukuliwa na wachunguzi wa kesi nyingine na hakuna aliyekumbuka kuandika zimekwenda wapi.

Sisemi haya kukubembeleza. Kupoteza vocha makusudi ni ujanja wa zamani mno wa kufunika wizi. Anayetaka kuficha malipo hewa hahitaji akili nyingi, anahitaji kiberiti. Kwa hiyo ile safu ina watu wa aina zote mbili ndani yake, nayo haikutenganishii.

Je, uliisoma ripoti ya mwaka uliofuata? Ripoti za ukaguzi zina sehemu ya kufuatilia mapendekezo ya nyuma, kipi kimetekelezwa na kipi bado. Wakati mwingine vocha huja kupatikana, mkaguzi akazihakiki, hoja ikafungwa. Hizo ripoti ni za umma. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba zinakwenda kwa Rais, kisha zinawekwa mezani bungeni, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa inawaita wakurugenzi kuzijibia. Kwa njia hiyo huhitaji kumnyemelea mtu yeyote Ijumaa mchana. Mwanafunzi wa fedha za umma aliyesoma jedwali moja akatoa hukumu amefanya kile kile alichofanya mwenzako aliyecheka, tofauti ni kwamba wewe hukumu yako imekuuma.

Halafu angalia tena: ile safu ina jina la halmashauri. Jina la baba yako limo? Umeliandika wewe kichwani.

Sasa neno lake, "kafara". Naona umeigawa dunia mara mbili. Ama baba alionewa na ni safi, ama aliiba na amekudanganya miaka yote. Nakuomba uache nafasi ya tatu, na huko masijalani hiyo ya tatu ndiyo niliyoiona zaidi.

Unajua njia ya malipo ilivyokuwa. Idara inaandika dokezo la kuomba fedha, mkurugenzi anaidhinisha, mhasibu anaandaa vocha, inaangaliwa kama kasma, yaani fungu la bajeti, ina salio, inapita ukaguzi wa awali, mweka hazina anasaini, hundi inatoka, keshia analipa na kumsainisha mlipwaji. Keshia yuko mwisho wa mstari. Juu yake kuna saini tano, sita. Sheria inamtaja mkurugenzi kuwa afisa masuuli, yaani ndiye mwenye kujibu kwa kila shilingi, lakini kukichafuka mkono unaoonekana umeshika hela ni wa keshia. Hapo neno kafara linaweza kuwa kweli tupu.

Ila Juni, mwanangu! Wewe umesoma kwamba fedha ambayo haijatumika mwaka ukiisha inaweza kurudishwa Hazina, na fedha yenyewe mara nyingi inateremka imechelewa. Vitabuni hilo ni sentensi moja. Ofisini ni watu wanakimbizana kwenye korido saa tatu usiku. Mgeni mkubwa anakuja kesho, magari hayana mafuta, mkandarasi yuko mlangoni, na mkubwa anasema kwa mdomo, "Lipa, makaratasi yatafuata." Keshia ana watoto watatu na mkataba wa kazi. Analipa. Makaratasi hayafuati. Mwaka unaofuata yule mkubwa amehamishiwa mkoa mwingine, na keshia anaulizwa vocha ziko wapi.

Mtu huyo amefanya kosa? Ndiyo. Kazi ya keshia ni kukataa kulipa bila hati kamili, na kama analazimishwa, adai maelekezo kwa maandishi. Amenyanyaswa? Ndiyo pia. Sijasema baba yako ni huyu. Nasema huyu yupo, na kama ni yeye, neno moja "kafara" litakuwa zito kwake kwa pande zote mbili, na labda ndiyo sababu hajawahi kuongeza la pili.

Mabati. Hapa nilitabasamu kidogo, nisamehe. Umehesabu mshahara wa baba, ukagawanya, ukakuta hautoshi kuezeka. Je, mama umemhesabu? Umesema kwenu ni kwenye korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kulipwa zikishauzwa mnadani, ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na enzi zile malipo ya msimu yaliweza kukamilika miezi kadhaa baada ya minada. Hela ya msimu mmoja inaweza kabisa kununua bati za mwaka unaofuata. Inaweza kuwa mkopo wa chama, mchango wa mjomba, mchezo wa akina mama. Inaweza pia kuwa kile unachokiogopa. Lakini umeandaa bajeti ya familia yenye chanzo kimoja cha mapato, na mama yako, ambaye naamini ndiye aliyechagua rangi ya hayo mabati, hukumwandikia hata kasma. Mwalimu wako angekukata alama.

Mama amesema usimchokonolee kidonda. Sikiliza alichosema: kidonda ni chake. Kuna kitu naye alikipitia mwaka ule ambacho hujawahi kumuuliza kama chake, umemuuliza kama shahidi wa baba. Huenda njia ya kwake haianzii kwenye hela.

Daftari la rambirambi ndilo lililonikaa rohoni. Wewe unaona mtu mwenye hatia anayekwepa hela za watu. Inawezekana. Mimi naona pia mtu aliyeapa hatakaa tena mahali ambapo siku moja itakosekana elfu tano na macho yote yamgeukie. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka anaweza kuwa alimfuga mwenyewe au alitupiwa. Kushtuka kwake hakutakwambia.

Sasa faili lenyewe. Nakuambia kilichomo, maana nimeyafunga mengi. Kuna barua ya kusimamishwa. Kuna hati ya mashtaka. Kuna utetezi wake, pengine kwa mwandiko wake mwenyewe, kurasa mbili tatu. Kuna ripoti ya kamati ya uchunguzi, halafu uamuzi. Huenda kuna rufaa kwenda Tume ya Utumishi wa Umma, kama alikata, na hilo nalo ni jambo la kutaka kulijua: alikata rufaa, au alikosa nauli na mtu wa kumwandikia? Karibu kurasa zote, isipokuwa zile za utetezi, zimeandikwa na upande ulioshinda. Ukisoma kwa nusu saa, moyo unadunda, sikio liko mlangoni, utatoka na sentensi mbili au tatu zilizokuchoma na utaishi nazo miaka. Hutakuwa na nafasi ya kuuliza, "Hapa walimaanisha nini?" Na utakuwa umepata siri ambayo huwezi kumwambia baba umeipata wapi. Sasa hivi unasikia sauti yake unaona jedwali. Baada ya hapo utasikia sauti yake unaona mwandiko wake.

Kwa upande mwingine, sitakudanganya kwamba halina faida. Zile kurasa za utetezi ni baba yako akiwa mdogo kuliko alivyo sasa, anajieleza kwa watu ambao huenda walishaamua. Mtoto kutaka kuzisoma si dhambi.

Lakini mlango ni upi? Faili la nidhamu linakaa masijala ya siri. Yule mzee akikutolea anavunja kiapo chake, na kwa mtu wa umri huo, kosa la nidhamu miezi michache kabla ya kustaafu ni jambo la kuhatarisha kiinua mgongo. Utakuwa umemtengeneza keshia mwingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inafungua mengi ya serikali kwa wananchi, ila inalinda faragha ya mtu binafsi, na mtu huyo hapa ni baba yako. Yeye mwenyewe anaweza kuandika barua akaomba nyaraka zake. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa, lakini ni yeye mwenye kubisha hodi. Wewe uliingia kozi hii kwa swali la nani anafungua mlango wa Hazina, ukajifunza kwamba hela haitoki bila idhini ya mwenye mamlaka. Naona karatasi nazo zina Hazina yake.

Kumuuliza baba kunabaki. Nako kuna hatari, tusijifanye hakuna. Anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza mwaka mzima, wanaume wa makamo yake wanaweza. Anaweza kukudanganya, na wewe sasa una elimu ya kujua anakudanganya, jambo litakalowaumiza nyote. Na anaweza kukwambia, "Nilichukua." Hilo la mwisho umelifanyia mazoezi? Usimuulize kabla hujajua utafanya nini na jibu hilo usiku wake, asubuhi yake, na mama akiwa jikoni. Simaanishi uwe na msamaha mfukoni. Ninachotaka ni usiwe na swali ambalo jibu lake moja tu ndilo unaloweza kulibeba.

Kama utauliza, kuna namna na namna. "Baba, uliiba?" ni namna moja. Kuna nyingine, ya fundi kwa fundi. Wewe umefundishwa MUSE, mfumo wa malipo ulio kwenye kompyuta, ambao kila anayeidhinisha anaacha alama. Vocha ya karatasi yenye nakala zake unaijua kwa picha tu. Yeye ameijaza kwa maelfu. Chukua daftari, mwombe akuchoree ilivyokuwa, nani anasaini wapi, nakala ipi inabaki kwa nani, na Juni ilikuwaje. Mtu aliyenyamaza miaka zaidi ya kumi kuhusu aibu yake anaweza kuzungumza saa mbili kuhusu kazi yake. Wapi atasita, wapi mkono utasimama, utaona. Na huenda asiseme lolote ulilolitaka, ukaishia kujifunza tu jinsi vocha ilivyokuwa ikijazwa. Hiyo nayo si haba kwa utafiti wako.

Kuhusu utafiti, hapa nitakuwa mkali kidogo kuliko kwingine, kwa sababu jambo hili halihusu tena baba peke yake. Unakwenda kuchunguza hoja za ukaguzi kwenye halmashauri ambayo hoja yake moja imekaa kwenye mkeka wa sebule yenu. Msimamizi wako anajua? Diwani mwenye zabuni anatakiwa kutamka maslahi yake kabla kikao hakijaanza, mmesoma hilo. Nawe una maslahi. Unaweza kumwambia msimamizi kwa maneno machache, bila kumsimulia ukoo: "Nina ndugu aliyehusika na ukaguzi wa huko." Atakwambia ubadili halmashauri, au ubaki lakini uchukue miaka ya karibuni. Kubadili kutakugharimu nauli na chumba, najua, na kutaifunga ile Ijumaa bila wewe kumkatalia mzee usoni. Au utagundua kwamba hutaki ifungwe. Ukigundua hivyo, angalau utakuwa umejua unakwenda kule kwa ajili ya nini, takwimu au jalada.

Kunyamaza na kumaliza shule, ulivyokuandika kama woga, sikuoni hivyo moja kwa moja. Kuna maswali yanayosubiri. Baba yako hajafa, yuko na kuku wake. Hatari ya kusubiri ni ile unayoijua: simu zitazidi kuwa fupi, naye ataanza kujiuliza amekukosea nini, na katika ukimya wenu wawili kila mmoja atajaza safu zake.

Umeuliza kiti cha darasani utakikalia vipi ikiwa kweli alichukua. Ulipofika hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Mwanangu, ulikuwa na miaka tisa. Makuti yalipotoka yakaja mabati, wewe ulifurahi kwamba mvua haitakuamsha, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Hakuna hoja ya ukaguzi iliyoandikwa kwa jina lako. Na siku ile darasani ulipocheka na wenzako, usijipige nayo sana. Ulikuwa unajificha, mtu akijificha hachagui kichaka.

Baba yako alikwambia hela ya serikali uiache. Umelichukua kama neno la mtu mwenye siri. Lisikilize tena kwa sikio jingine: ni mtu anayeijua ile korido ya saa tatu usiku, anamwona mwanawe anaielekea. Hajui kwamba sasa mifumo ni mingine, kwamba leo mtu hawezi kirahisi kusema "makaratasi yatafuata". Au anajua, na bado anaogopa. Hilo pia ungeweza kumuuliza, na halina faili.

Ukiamua lolote, niandikie, hata kama ni kinyume na yote niliyoyasema. Yule mzee wa masijala mpelekee salamu zangu, wa masijala tunajuana. Na ukienda nyumbani, kabla ya jedwali, kabla ya vocha, kaa naye tu bandani kwa kuku, umuulize kama anakumbuka kwamba alisinzia fainali ya 2010 kabla goli halijafungwa, na kwamba mtoto wake alikuwa macho, anamwangalia.

Shangazi